Chumvi ya Haluli na Kifafa cha Mimba: Historia ya Ushahidi wa Tiba Moja, 1906–2024

Utangulizi

Mnamo mwaka 1988 jarida la Archives of Neurology la Marekani lilichapisha makala mawili yaliyojibu swali moja kwa majibu yanayokinzana. Swali lilikuwa: je, salfeti ya magnesiamu inatibu degedege la kifafa cha mimba? Dinsdale alijibu kwamba inatibu. Kaplan na wenzake walijibu kwamba haifai kabisa kutumiwa kwa kazi hiyo. Wakati huo dawa hiyo ilikuwa imekwisha kudungwa wajawazito kwa muda wa miaka 80 na ushei, na pande zote mbili zilikuwa na madaktari wazoefu walioona wagonjwa wengi. Kilichokosekana ni jambo moja tu: hakuna aliyekuwa ameilinganisha dawa hiyo na nyingine, kwa idadi ya kutosha ya wanawake, kwa namna ambayo matokeo yake yasingeweza kuelezwa kwa bahati au kwa upendeleo wa daktari.

Swali hilo halikuwa la kitaaluma tu. Uchambuzi wa vifo vya uzazi uliofanywa chini ya Shirika la Afya Duniani kwa miaka ya 2003 hadi 2009 ulikadiria kwamba asilimia 14 ya vifo hivyo duniani ilitokana na magonjwa ya shinikizo la damu katika ujauzito, nafasi ya pili baada ya kutokwa na damu. Mama aliyeanguka degedege katika hospitali ya Dallas alipewa dawa moja. Wa London alipewa nyingine. Wa Singapore na Madras nyingine tena. Aina ya tiba iliamuliwa na mahali alipoangukia.

Insha hii inafuatilia namna ubishi huo ulivyozaliwa, ulivyoamuliwa na yaliyofuata baada ya uamuzi. Hoja inayotetewa ni kwamba kuchelewa kwa ushahidi hakukutokana na ugumu wa sayansi yenyewe. Kulitokana kwanza na jina la ugonjwa, lililowafanya wataalamu waufananishe na kifafa cha kawaida. Na pili na mazoea ya kila hospitali kubwa kuziamini takwimu zake yenyewe. Inaonyeshwa pia kwamba ushahidi ulipopatikana ulipatikana katika nchi ambazo wanawake walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo, na kwamba kuupata ushahidi hakukuwa sawa na kuipata dawa.

Jina na ugonjwa

Kiswahili huuita ugonjwa huu kifafa cha mimba. Jina hilo linaeleweka upesi: mgonjwa huanguka, viungo hukakamaa na kutukutika, povu humtoka mdomoni, kisha hulala usingizi mzito asijue yaliyompata. Kwa macho tu, hakuna tofauti kati ya hali hiyo na kifafa. Katika matumizi ya kila siku jina limepanuka hata likahusisha hatua inayotangulia degedege, yaani shinikizo la damu kupanda pamoja na protini kuonekana kwenye mkojo, hatua ambayo wataalamu huiita priklampsia. Upanuzi huo una faida yake, kwa kuwa humtisha mama na ndugu zake kabla hatari haijakomaa. Una hasara yake pia: mama asiyeanguka hujiona hana kifafa, na kwa hiyo haoni sababu ya kupelekwa hospitali usiku kwa ajili ya kichwa kinachouma na macho yanayoona nyota.

Madaktari wa Ulaya nao walianzia hapo hapo. François Boissier de Sauvages wa Ufaransa ndiye anayetajwa kuitenga eklampsia na kifafa mwaka 1739, kwa kigezo kwamba kifafa ni cha kudumu na eklampsia ni ya ghafla, huja na tukio fulani na kuondoka nalo. Neno lenyewe limetokana na Kigiriki na lina maana ya mwanga unaochomoza ghafla. Ilichukua karne nzima zaidi kabla ya mkojo kutoa ushahidi wake. Pierre Rayer huko Paris na, mwaka 1843, John Lever wa hospitali ya Guy's jijini London waliuchemsha mkojo wa wajawazito wagonjwa na kuona ukiganda kama ute wa yai. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza kipimo cha shinikizo la damu chenye mkanda wa mkononi, na katika miaka iliyofuata ikabainika kwamba degedege hutanguliwa na shinikizo kubwa. Tangu hapo ugonjwa ukawa na sura mpya. Ulianza kuonekana kuwa ugonjwa wa mwili mzima, unaogusa figo, ini, damu na ubongo, na chanzo chake kikatafutwa kwenye kondo la nyuma, kwa sababu kondo likitoka mgonjwa huanza kupona.

Jambo hili la mwisho linafaa kukumbukwa katika yote yatakayofuata. Hakuna dawa iliyopata kuponya ugonjwa huu. Kinachoponya ni kujifungua. Dawa humlinda mama mpaka ajifungue na katika saa za hatari zinazofuata. Mwandishi yeyote anayeisifu salfeti ya magnesiamu kwa kuiita tiba anatumia neno hilo kwa maana finyu.

Chumvi inayofahamika

Wazee wa pwani waliijua salfeti ya magnesiamu kwa jina la chumvi ya haluli, dawa ya kuharisha iliyouzwa madukani na kunywewa ili kusafisha tumbo. Uingereza iliijua kwa jina la mji wa Epsom, ambao maji yake machungu yaliandikiwa kitabu na Nehemiah Grew mwaka 1695. Kwa miaka 200 hivi haikutarajiwa kufanya zaidi ya hapo. Mwaka 1905 na 1906, katika taasisi ya Rockefeller jijini New York, Samuel Meltzer na John Auer waliidunga katika wanyama na kuona kwamba inatuliza neva na misuli hadi kulegeza mwili wote. Ikajaribiwa mara moja kwa wagonjwa wa pepopunda, na mwaka 1906 daktari Mjerumani aitwaye Horn akaidunga kwenye uti wa mgongo wa wanawake wenye eklampsia.

Wakati huo tiba iliyosifika zaidi Ulaya ilikuwa ya Vasili Stroganov wa St. Petersburg. Aliwalaza wagonjwa katika chumba chenye giza na kimya, akawapa mofini na klorali, akapunguza kila mguso na kila kelele. Kwa kulinganisha na desturi iliyotangulia ya kuwatoa damu nyingi na kulazimisha uzazi kwa nguvu, njia yake ilikuwa ya huruma, na ni wazi kwamba iliokoa wengi kwa sababu tu iliacha kuwaumiza. Mabaki yake yangalipo: wapo wakunga Afrika Mashariki ambao hadi leo hufunga mapazia ya chumba cha mgonjwa wa kifafa cha mimba, bila kujua kwamba wanamfuata daktari wa Urusi ya zamani.

Magnesiamu ilirejea katika miaka ya 1920 kwa mikono ya Wamarekani wawili. Mwaka 1925 Lazard wa Los Angeles alieleza namna ya kuidunga kwenye mshipa; mwaka 1926 Dorsett akaeleza namna ya kuidunga kwenye msuli. Njia ya msuli ndiyo iliyokuja kuwa na maana kubwa kwa hospitali zisizo na vifaa. Jack Pritchard wa hospitali ya Parkland huko Dallas aliitengenezea utaratibu kamili kuanzia miaka ya 1950: gramu 4 polepole kwenye mshipa, gramu 10 kwenye makalio, 5 kila upande, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4 katika makalio kwa zamu. Kabla ya kila sindano ya nyongeza mkunga hupaswa kuhakikisha mambo matatu: goti linaruka likigongwa, mgonjwa anapumua vizuri, na mkojo haujapungua chini ya mililita 100 katika saa 4 zilizopita.

Kuna busara kubwa katika masharti hayo. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo. Figo zikilegea dawa hujikusanya. Ikijikusanya, kitu cha kwanza kupotea ni mruko wa goti, na kupumua hukoma baadaye, kiwango kikizidi kupanda. Kwa hiyo goti humwonya mkunga kabla ya mapafu kushindwa. Hospitali isiyoweza kupima magnesiamu katika damu inaweza kuipima kwa nyundo ndogo ya mpira, na isiyo na nyundo kwa ukingo wa kiganja. Dawa ya kuondoa sumu yake ni kalsiamu glukoneti, gramu 1 kwenye mshipa. Ni vigumu kupata katika tiba ya karne ya 20 utaratibu mwingine uliobuniwa katika hospitali kubwa ya Marekani na ukafaa kiasi hicho zahanati ya mbali isiyo na umeme.

Mwaka 1984 Pritchard na wenzake walichapisha hesabu ya wagonjwa 245 wa eklampsia waliotibiwa Parkland kwa utaratibu huo. Alikufa mama mmoja. Kwa watu wa Dallas, na kwa sehemu kubwa ya Marekani, hesabu hiyo ilimaliza mjadala.

Kwa nini wengine hawakuamini

Haikumaliza mjadala kwingineko, na kutoamini kwao hakukuwa ukaidi mtupu. Menon wa Madras alikuwa ameeleza mwaka 1961 matokeo mazuri ya mchanganyiko wa klorpromazini, promethazini na pethidini, uliotumika sana India kwa miaka mingi. Mwaka 1968 Lean, Ratnam na Sivasamboo wa Singapore walieleza mafanikio ya diazepamu na kundi lake. Katika miaka ya 1980 fenitoini, dawa ya kifafa isiyomlaza mgonjwa usingizi, ikaingia kwenye wodi za uzazi za Uingereza. Kila kundi lilikuwa na wagonjwa wake waliopona. Kila kundi lilihesabu vifo vichache kuliko vya miaka ya nyuma, bila kuuliza ni sehemu gani ya upungufu huo ilitokana na dawa, na ni sehemu gani ilitokana na damu ya kuongezea, viuavijasumu na upasuaji ulio salama zaidi.

Upinzani wenye nguvu zaidi ulitoka kwa madaktari wa mishipa ya fahamu, na hapa ndipo jina la ugonjwa lilipofanya kazi yake. Mantiki yao ilikuwa hivi: degedege la eklampsia ni degedege; degedege hutokana na mshtuko wa umeme katika ubongo; dawa za kuzuia mshtuko huo zinajulikana na zimepimwa; magnesiamu si mojawapo; haipenyi kwa urahisi kuingia kwenye ubongo; kwa hiyo kinachoonekana kuwa kutulia kwa degedege huenda ni kulegea kwa misuli tu, huku ubongo ukiendelea kuungua ndani ya mwili uliolegezwa. Ni hoja iliyojengwa vizuri, na ni ya kutisha kama ni ya kweli. Udhaifu wake ulikuwa katika hatua yake ya kwanza, yaani kudhani kwamba vitu viwili vinavyofanana kwa nje vina chanzo kimoja. De Sauvages alikuwa amekwisha kuvitenga karne mbili na nusu kabla, lakini utengano wake ulikuwa wa majina. Haukuwa umeingia katika uchaguzi wa dawa.

Upande wa watetezi wa magnesiamu nao haukuwa na jibu la kisayansi la kueleza jinsi dawa yao inavyofanya kazi. Walidhani zamani kwamba inakausha maji ya ubongo. Baadaye ikasemwa kwamba inatanua mishipa midogo ya damu ya ubongo iliyojikaza, au inazuia kalsiamu kuingia katika chembe, au inaziba milango ya neva inayochochewa kupita kiasi. Maelezo hayo hayajafikia ukomo hata leo. Walichokuwa nacho ni uzoefu, na uzoefu ulikuwa mali ya kila mtu.

Mwaka 1979 tabibu Mwingereza Archie Cochrane aliyapima matawi ya tiba kwa kadiri yanavyotumia majaribio ya mgawanyo nasibu, akasema kwamba uzazi ndio uliostahili kutangazwa kuwa umeshika mkia. Lawama hiyo ilipokelewa kwa uzito katika kitengo cha utafiti wa uzazi kilichoanzishwa Oxford mwaka 1978 chini ya Iain Chalmers. Kilipoanza kukusanya majaribio yote ya uzazi yaliyopata kuchapishwa, pengo la eklampsia lilionekana wazi: tiba nyingi, majaribio karibu hakuna.

Kutoka Harare hadi jaribio la 1995

Jaribio mojawapo la kwanza la kuziba pengo hilo halikutoka Oxford wala Dallas. Lilitoka Harare. Caroline Crowther aliwagawa wanawake 51 wenye eklampsia kwa nasibu kati ya magnesiamu na diazepamu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Idadi ilikuwa ndogo mno kutoa hukumu. Lilionyesha hata hivyo kwamba jambo lenyewe linawezekana: kwamba katika hospitali yenye wagonjwa wengi na wahudumu wachache mgonjwa anayetukutika anaweza kuingizwa katika jaribio bila matibabu yake kucheleweshwa.

Kwa nini isifanyike Uingereza? Jibu ni la hesabu. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 1992 ulikuta Uingereza ina eklampsia kwa kiwango cha 4.9 kwa kila wazazi 10,000, yaani chini ya wagonjwa 400 kwa mwaka, waliotawanyika katika mamia ya hospitali. Daktari wa kawaida angeweza kukaa miaka asione hata mmoja. Wagonjwa walikuwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na jaribio likawafuata huko.

Jaribio la Ushirikiano la Eklampsia, lililoratibiwa kutoka Oxford na Lelia Duley pamoja na wenzake, lilihusisha hospitali za nchi zinazoendelea, zikiwemo Argentina, India, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Lilichapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Juni 1995. Wanawake 1,687 walishiriki, na taarifa zilipatikana kwa 1,680 kati yao, jambo ambalo kila aliyewahi kufuatilia mafaili katika wodi iliyojaa atajua kulistaajabia. Muundo wake ulikuwa wa makusudi rahisi. Hakuna hospitali iliyotakiwa kutumia tiba isiyoiamini hata kidogo: zile zilizozoea diazepamu zililinganisha magnesiamu na diazepamu, na nyingine zililinganisha magnesiamu na fenitoini. Hakuna mgonjwa aliyepewa dawa bandia.

Matokeo hayakuacha nafasi ya ubishi juu ya degedege. Katika ulinganisho wa kwanza, degedege lilirudi kwa wanawake 60 kati ya 453 waliopewa magnesiamu, na kwa 126 kati ya 452 waliopewa diazepamu: hatari ilipungua kwa asilimia 52. Katika wa pili, lilirudi kwa 22 kati ya 388 wa magnesiamu, na kwa 66 kati ya 387 wa fenitoini: upungufu wa asilimia 67. Waliopewa magnesiamu badala ya fenitoini walihitaji mashine ya kupumulia mara chache zaidi, walipata nimonia mara chache zaidi, na watoto wao walipelekwa mara chache zaidi katika wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu. Vifo vya akina mama vilikuwa pungufu upande wa magnesiamu katika ulinganisho wote miwili, ila tofauti haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati. Waandishi walilisema hilo waziwazi. Wanaonukuu jaribio hili leo kana kwamba lilithibitisha kupungua kwa vifo wanalitendea zaidi ya lilivyojitendea lenyewe.

Mwaka huo huo Parkland ilitoa jaribio lake. Lucas, Leveno na Cunningham walilinganisha magnesiamu na fenitoini kwa wanawake 2,138 walioingia uchungu wakiwa na shinikizo la damu. Walioanguka degedege walikuwa 10 kati ya 1,089 wa fenitoini, na hakuna hata mmoja kati ya 1,049 wa magnesiamu. Fenitoini, dawa ya kifafa kwa maana kamili, ilishindwa mara mbili katika mwaka mmoja. Pamoja na hayo ilianguka ile hatua ya kwanza ya hoja ya mwaka 1988. Degedege la mimba lilithibitika kuwa jambo tofauti na kifafa, kwa ushahidi wa dawa iliyolizuia na dawa iliyoshindwa kulizuia.

Swali la maadili haliwezi kupitwa. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kukubali wala kukataa kushiriki utafiti. Utetezi wa jaribio ni kwamba dawa zote tatu zilikuwa zikitumika tayari, na kwamba bila jaribio mgonjwa angepewa mojawapo kwa mazoea tu, yaani kwa bahati nasibu isiyoandikwa popote. Utetezi huo una nguvu. Lakini unazaa deni: nchi zilizotoa wagonjwa kwa ajili ya jibu zilistahili kuwa za kwanza kufaidi jibu hilo.

Jaribio la Magpie

Kuzuia degedege la pili ni jambo moja. Kuzuia la kwanza ni jingine. Kati ya mwaka 1998 na 2001 wanawake 10,141 wenye priklampsia, katika nchi 33, waligawanywa kati ya magnesiamu na dawa bandia. Kamati iliyosimamia takwimu ilishauri uandikishaji usimamishwe kabla lengo halijafikiwa, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kuonekana. Eklampsia iliwapata wanawake 40 wa magnesiamu na 96 wa dawa bandia, upungufu wa asilimia 58. Kwa lugha ya wodini: kwa kila wanawake 1,000 waliotibiwa, 11 waliepushwa na degedege. Asilimia 24 waliona madhara, hasa joto kali la ghafla mwilini, dhidi ya asilimia 5 ya wenzao. Vifo vya akina mama vilipungua karibu kwa nusu, lakini kwa mara nyingine idadi haikufikia uhakika wa kitakwimu. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2007 haukuonyesha madhara kwa watoto walipochunguzwa katika umri wa miezi 18 hivi au zaidi.

Deni

Shirika la Afya Duniani liliiingiza salfeti ya magnesiamu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 1996. Mwaka 2005 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchunguzi wa Sevene na wenzake kuhusu kutopatikana kwa dawa hiyo katika nchi mbili: Msumbiji na Zimbabwe. Zimbabwe ni ile ile ambayo hospitali yake ilianza kulijaribu swali hili, na ambayo wanawake wake walikuwa sehemu ya jibu la 1995. Watafiti hao hawakumlaumu mtu mmoja. Waliita jambo hilo kasoro ya mfumo na ya soko. Dawa isiyo na hataza, inayouzwa kwa senti chache na kuhitajiwa na wagonjwa wachache kila mwaka, haina mfanyabiashara anayeona faida ya kuisajili, kuitangaza au kugombea zabuni yake. Dawa ghali huwa na watetezi. Hii ilikosa watetezi kwa sababu ya urahisi wake.

Kizuizi kingine kilikuwa ndani ya wodi, na hakijashughulikiwa na wanahistoria kwa kadiri kinavyostahili. Kichupa cha asilimia 50 chenye mililita 10 kina gramu 5. Sindano ya msuli hutumia dawa hiyo kama ilivyo, pamoja na kiasi kidogo cha dawa ya ganzi kwa kuwa inauma sana. Sindano ya mshipa haiwezi kutumia nguvu hiyo: mkunga huchota mililita 8, huongeza mililita 12 za maji safi ya sindano, apate mililita 20 za asilimia 20 zenye gramu 4, kisha aidunge kwa dakika zisizopungua 5. Hesabu hii si ngumu mchana, darasani. Saa nane za usiku, mgonjwa akitukutika na ndugu wakilia mlangoni, mkunga aliyefundishwa kwamba kosa litasimamisha pumzi ya mama anaelekea kuchagua diazepamu anayoijua. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Ilikuwa matokeo ya kufundishwa sumu ya dawa kwa bidii kuliko matumizi yake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 uliligusa tatizo hilo kwa kukubali hatua pungufu: pale ambapo dozi nzima haiwezekani, mgonjwa apewe dozi ya kwanza tu, kisha apelekwe mara moja kituo cha juu. Kabla ya hapo, Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa mchango wa aina nyingine. Ukaguzi wa huduma kwa vigezo uliofanywa na watafiti katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2009, haukuuliza tena ni dawa ipi iliyo bora. Uliuliza kama mgonjwa wa kifafa cha mimba anayefika hospitalini anatendewa yale ambayo kila mtu anakubali kwamba yafanywe: kuchukuliwa historia, kupimwa, kupewa dawa, kuonwa na daktari bingwa kwa wakati. Kwa kipimo cha historia hii yote, hilo ni badiliko la swali lenyewe, na ni swali lisiloweza kujibiwa kwa wagonjwa wa nchi nyingine.

Utafiti wa kinga nao umefika katika ukanda huu. Ilijulikana kwamba kalsiamu hupunguza priklampsia kwa wanawake wasioipata ya kutosha katika chakula, na pendekezo lilikuwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, yaani vidonge vikubwa vitatu au zaidi, tofauti na vya kuongeza damu, ambavyo serikali nyingi zilishindwa kuvinunua na wajawazito wengi kuvimeza. Mwezi Januari 2024 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha majaribio mawili pacha, moja la India na jingine la Dar es Salaam, kila moja likiwa na wajawazito 11,000 waliokuwa na mimba ya kwanza. Waligawanywa kati ya miligramu 500 na miligramu 1,500 kwa siku. Dar es Salaam, priklampsia iliwapata asilimia 3.0 ya waliopewa kiasi kidogo na asilimia 2.7 ya waliopewa kikubwa. India ilikuwa asilimia 3.0 na 3.6. Kwa kigezo kilichowekwa kabla ya kuanza, kiasi kidogo hakikuonekana kuwa dhaifu kuliko kikubwa katika kuzuia priklampsia katika nchi zote mbili. Kidonge kimoja badala ya vitatu ni theluthi ya gharama ya ununuzi, na ni mzigo mwepesi zaidi kwa bohari ya dawa ya wilaya na kwa mama mwenye kichefuchefu. Dozi ya magnesiamu iliyoandikwa katika miongozo ya vituo vya Dar es Salaam ambako wanawake hao walihudhuria kliniki ingali gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye makalio.